Mkojo wa Saa Sita Mchana

Wapendwa, nimepewa dakika chache kabla ya sadaka. Nimekuja kusema habari za mkojo. Kina mama mnaoziba midomo, zibeni, ila masikio yaacheni wazi.

Mnanijua. Nilikuwa mwalimu wa kwaya yenu hapa Kibaoni, na siku niliyotolewa mlikuwepo. Leo sikieni ilikuwaje.

Tulihama kaya nyingi kutoka Usukumani mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, na ng'ombe wetu, tukalima mpunga. Msimu wa tatu nikaanza kukojoa damu. Matone ya mwisho tu, lakini yanachoma kama pilipili. Halafu mgongo ukauma upande mmoja, hapa chini ya mbavu. Nikamwambia mtu mmoja tu, rafiki niliyechunga naye utotoni. Tulioga bwawa moja. Enzi hizo wote wawili tulikojoa damu, na wakubwa wakatucheka, "Hawa sasa wanaume!" Nikajua huyu atanielewa.

Akanishika bega. "Nyamaza, kaka. Hili limeishia kwangu."

Ndugu zangu, halikuishia kwake. Jumapili ile ile wazee wa kanisa waliniita, wakasema wameambiwa na mtu wa karibu kwamba nina gonjwa la zinaa, nisisimame tena mbele ya kwaya. Rafiki yangu alikuwa nje hapo, anasikia. Angesema tu, "Hata mimi utotoni nilikojoa hivyo." Alifunga mzigo kwenye baiskeli yake, akaondoka. Mpaka leo sijui nilimkosea nini.

Mke wangu alizisikia habari kisimani. Alimchukua mwanetu wa miaka saba, wakapanda lori kwenda kwao Ilembo. Nililia, siwafichi, na aliyeniliza zaidi ni yule rafiki, kuliko ugonjwa.

Nilipeleka mkojo wa asubuhi zahanati, hawakuona kitu. Nikachomwa sindano za kisonono. Nikaacha kunywa maji ili nisikojoe. Ujinga ulioje! Mgongo ukazidi.

Miezi miwili baadaye mama mkwe wangu akashuka kwenye lori peke yake. Nyie mnajua, mkwe hatazamwi usoni, sembuse kutajiwa mkojo. Nikajificha ndani, nikijua kaja kuchukua vyombo vya binti yake. Akakaa uani, akanipa mgongo, akawa anaongea na ukuta wa jiko.

"Mjukuu wangu anakojoa damu. Mtoto wa miaka saba amezini na nani?"

Nikasogea mlangoni.

"Mlikuwa mnaoga wapi, wewe na yeye?"

"Kwenye mfereji wa majaruba ya mpunga, mama."

"Basi vaa viatu. Lori linarudi Mpanda."

Tulimpitia mtoto Ilembo, na kule Mpanda daktari aliturukisha-rukisha uani, mimi na mwanangu, kisha akachukua mkojo wa saa sita mchana, maana mayai ya kichocho hutoka kwa wingi mwili ukitikiswa na jua likiwa kichwani. Akayaona kwenye darubini, yangu na ya mtoto. Akasema vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono wa majini, hupenya ngozi. Vikiachwa, mrija unaoshusha mkojo unaziba, figo inajaa, mwisho inakufa. Yangu moja ilishaanza kuelemewa. Tukapewa vidonge vikubwa, vichungu; mtoto akatapika kimoja, akapewa kingine.

Mke wangu alirudi mwenyewe. Siku hizi tunaoga maji ya kisima, na mkojo wangu nautazama kila siku kabla haujamwagika. Nyie nanyi utazameni. Ukibadilika rangi, mpelekeeni daktari, msimpelekee rafiki.

Asante, mama mkwe, uliyevunja mwiko ukaniokoa. Asante, daktari. Wazee wa kanisa, mlinihukumu bila kuniuliza, nami bado nawasubiri.

Na wewe niliyekupa siri yangu. Umo humu. Jina lako sijalitaja, wala sitazami benchi lako. Nikisema nimekusamehe, nitakuwa naongopa mbele ya madhabahu. Ila bwawa lile tulioga wote, na juzi nilikuona ukikojoa kando ya jaruba, umeshika kiuno, umesimama muda mrefu mno. Lori la Mpanda linaondoka kesho asubuhi. Njoo, nitakusindikiza. Na la kwako litaishia kwangu.