Yai la Reuben

Ijumaa, siku ya mapumziko Doha, watu wakisharudi kutoka kanisani Mesaimeer, benchi la nje ya duka la karak, chai nzito ya maziwa na iliki, pale mtaa wa Najma hujaa wajuaji. Mudir, yaani bosi, ni dereva asiyeamrisha kitu ila usukani. Daktari ni Nasimiyu, yaya anayetibu kila jambo kwa mdomo. Siku hiyo Reuben, mlinzi wa getini waliyembandika jina la Injinia, alikaa pembeni, laptop magotini, chai yake ikishika utando. Jana alifanya usaili wa kazi ya fundi wa pampu, kazi ambayo ingemtoa juani. Akaikosa.

— Kwani walisemaje? Mudir akauliza.

— Walinipa vipimo vya pampu mapema nikachore grafu, Reuben akasema. Mhimili wake, chuma kinachozunguka, huyumba kushoto-kulia na juu-chini. Namba zangu, zile changamano zenye sehemu mbili, zilibeba yote mawili: sehemu halisi ni kushoto-kulia, sehemu ya kufikirika ni juu-chini. Grafu ikaonyesha ya kwanza tu. Nikawaambia pampu ni nzima. Wakacheka, bwana.

— Na ile ya pili ilienda wapi?

— Programu ya kuchora grafu iliitupa. Ukiipa hizo namba peke yazo, inachora zote mbili. Ukiongeza muda wa kila kipimo, inachora mawimbi ya sehemu halisi tu.

— Joto hilo! Daktari akasema. Laptop ikichemka husahau.

— Joto gani? Mudir akamkata. Hiyo ya kufikirika haina kibali cha ukaazi. Hapa bila kibali, mfumo haukuoni!

— Basi imehongwa na wauza pampu, Daktari akasema.

— Wapi! Aliyeiunda aliachwa na mke. Chochote cha kufikirika hataki kukiona.

Benchi likaangua kicheko. Reuben akautoa utando wa chai yake kwa kidole. Kesho saa kumi na moja alfajiri angekuwa getini tena, kwenye kile kiti cha plastiki.

Gakii, muuguzi aliyefika Doha juzijuzi, alikuwa akipuliza chai yake.

— Kabla hujaongeza muda, ilichora nini?

— Yai, Reuben akajibu. Yai refu, limesimama wima, badala ya duara. Ubovu wa pampu ulikuwa wazi pale, hata wewe ungeuona.

— Sasa nani alikwambia uongeze muda?

Reuben akawatazama Mudir na Daktari. Ijumaa iliyopita, hapa hapa, walikuwa wamemcheka mpaka machozi: injinia gani anapeleka yai kwenye usaili, weka mawimbi bwana, grafu ni mawimbi!

Mudir akainamia kiatu chake kufunga kamba. Kilikuwa kiatu kisicho na kamba. Daktari akainua kikombe kitupu, akakinywa taratibu, mpaka mwisho.