Vipepeo wa Wakonyo na Tenti ya Matanga

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Wakonyo wa Ruiru, aliyetuacha wiki jana. Wakonyo, mama aliyelisha vipepeo.

Alikuwa fundi wa nguo. Kila Jumamosi alifunika cherehani, akaenda Thika na wenzake wa kujitolea, kupanda mimea ya kienyeji kando ya mto Chania. Hakulipwa. Miche aliiotesha nyumbani, kando ya ua: ule mmea wa utomvu mweupe, wenye matunda yaliyofura kama baluni. Wengi wetu tunauita gugu. Vipepeo wa rangi ya chungwa hutaga hapo, na viwavi wao hula majani hayo tu.

Jirani yake, Jentrix, alimtania sana. "Nilimwambia, wewe Wakonyo, unafuga wadudu kama kuku! Akacheka tu. Akasema, 'Na wao wako na watoto wa kulisha.'"

Sasa sikilizeni. Alipofariki, watu walianza kukusanyika kwake kwa matanga. Tenti ikakosa nafasi. Shemeji yake, Mzee Kahiga, akashika slasha, akafyeka upande wote wa ua. Naam, miche yote ya Wakonyo. Alitaka wageni wakute boma safi. Alifanya kwa heshima.

Kui, binti ya marehemu, alirudi kutoka mochari akakuta viwavi wakipanda viti vya plastiki.

"Uncle, hiyo ndio ilikuwa shamba ya mum," alisema. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Jana nilimkuta Mzee Kahiga amekaa papo hapo, chai imepoa mkononi. "Ngai! Miaka yote nimepita hapa, na sikuwahi kumuuliza anapanda nini. Sasa watu wananisifu ati boma ni safi. Nasikia aibu mpaka nashindwa kuwaangalia."

Kui na Jentrix waliokota viwavi wakawaweka kwa sufuria jikoni, wakafunika na neti.

Kui, Mzee Kahiga na familia yote, poleni sana. Mungu awafariji. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nani tunampita kila siku bila kumuuliza anachofanya?

Mazishi ni kesho. Mzee Kahiga hataki mashada ya maua. Anaomba hivi: kama Wakonyo aliwahi kukupa mche, uwe Membley, uwe Makongeni, mletee tawi moja la mmea huo. Lakini lilete leo, si kesho. Viwavi bado wako jikoni, na majani yaliyofyekwa yamekauka.