Mfano Ambao Svetozar Alikataa Kuutoa

Mheshimiwa Meya Ratomir, Bwana Mwenyekiti wa Kamati ya Nidhamu, wakuu wa idara, wastaafu mliotutangulia, na ninyi wafanyakazi wenzangu mnaonyofoa yule nguruwe wa kuchoma mkidhani sioni: nawasalimu nyote.

Mimi ni Ljubinka wa masjala, chumba namba saba. Nimeombwa nimuage Svetozar, msimamizi wa kompyuta zetu kwa miaka ishirini na sita, kwa maneno mafupi. Aliyeniomba hanijui vizuri.

Wenzangu, mnakumbuka tulivyokuwa tunaishi hapa? Kumbukumbu za mfumo, yaani orodha ya nani kaingia kwenye kompyuta na saa ngapi, zilikuwa wazi kwa kila mtu, na kila siku saa tatu asubuhi, kahawa ikishachemka, mlijazana chumbani kwangu nikawasomea kama taarifa ya habari: fulani kaingia saa mbili na robo, fulani kakosea neno la siri mara sita. "Mara sita!" mlisema. "Huyo jana alikuwa kwenye slava, sikukuu ya mtakatifu wa nyumba ya shemeji yake, pombe ya rakija haijamtoka." Nani kati yenu aliwahi kuniambia, Ljubinka, acha, hayo hayatuhusu? Hakuna hata mmoja.

Kisha Jumanne moja ya Novemba, mwaka juzi, saa mbili na nusu, nabonyeza, mashine inaniambia sina ruhusa. Mimi! Ukutani pamebandikwa tangazo: kwa mujibu wa sera ya usalama, kumbukumbu za mfumo zitasomwa na msimamizi na mkaguzi mmoja tu. Mara simu inalia, ni Svetozar. "Dada Ljubinka, nakuomba ubadilishe neno lako la siri sasa hivi." Nikamjibu, "Nirudishie kwanza gazeti langu, mzee wewe!" Nikamkatia.

Nakiri mbele yenu kwamba barua ya malalamiko niliiandika mimi, na saini arobaini na tatu nilizikusanya mimi, nyingine kwa keki. Tukamfikisha kwenye kamati. Bwana Mwenyekiti, unakumbuka ulivyombembeleza? "Svetozar, ndugu yangu, tupe mfano mmoja tu wa hiyo hatari, tumalize twende zetu." Akasema, "Mfano ninao, ila sitoi." "Basi utapata onyo." "Nipeni." Na mimi huku nyuma nikapaza sauti, "Hana kitu huyo, anajikweza tu!" Mungu anisamehe.

Onyo hilo bado limo kwenye faili lake. Na taratibu za jengo hili mnazijua: mwenye onyo, picha yake haitundikwi ngazini pamoja na wastaafu wenzake. Wiki mbili zilizopita aliomba lifutwe, kamati ikataka mfano, akakataa tena. Miaka ishirini na sita, na atatoka humu ndani kama mtu aliyekuja kurekebisha bomba.

Sasa, Mheshimiwa Meya, wiki iliyopita uliniteua mimi kuwa mkaguzi wa kumbukumbu, nafasi iliyokuwa haijawahi kupata mtu tangu tangazo lile. Ulikuwa unawaza nini, sijui. Nilipopewa ruhusa, mnadhani nilifungua nini kwanza? Ile Jumanne, bila shaka.

Ni hivi: mtu akiandika jina lisilojulikana, mfumo huliandika lilivyo, herufi kwa herufi, ili ijulikane nani amebisha hodi. Saa mbili na dakika nne, kompyuta ya chumba namba saba, kuna mama mmoja, miwani ikiwa kichwani badala ya puani, aliandika neno lake la siri mahali pa jina. Limekaa peupe, na saa ya kahawa inakuja. Angeufuta mstari ule? Svetozar hafuti kumbukumbu, hata ziwe za nani. Alichoweza ni kutufungia sote mlango, kisha akanyamaza miaka miwili huku mimi namchongea kila ofisi. Niliposoma, nilijifungia chumbani nikalia.

Wanaoujua mfano huo ni wawili tu. Mmoja hatausema, muoneni anavyonikodolea macho ninyamaze. Tulia, Svetozar, leo ni zamu yangu! Bwana Mwenyekiti, uliomba mfano, haya, andika: RatomirPunda58.

Taratibu, wenzangu, mtavunja meza. Neno hilo nilikwisha kulibadilisha, msijisumbue kulijaribu. Mheshimiwa, wiki ile ulikuwa umeninyima likizo, lakini sijitetei. Ningelisoma mbele ya watu ishirini, ungenifukuza kabla kahawa haijapoa, zikiwa zimebaki siku chache nitimize miaka thelathini ya kazi, na haki ungekuwa nayo. Hata leo unayo.

Svetozar, nilikukosea, nilikukosea sana, na nakuomba radhi mbele ya hawa wote niliowachochea.

Mheshimiwa, nimekuja na karatasi mbili. Moja inafuta onyo lake. Nyingine ni ya mimi kuacha kazi, tarehe nimeiacha wazi. Tafadhali anza na ile ya kwanza, maana mpiga picha anaondoka na basi la saa kumi.

Wenzangu, nawashukuru kwa kunitegea masikio. Mheshimiwa, kalamu hii hapa.