Sura Iliyoliwa na Jua

Sogeeni karibu, wanangu, zimeni hiyo redio, na wewe kifungua mimba acha kunipangia mito, nimeshakaa vizuri. Nataka kusema sasa hivi sauti ikiwa bado inanitii, kwa hiyo nisikilizeni mpaka mwisho ndipo mlie, kama mtapenda kulia.

Cherehani zangu mbili na meza ya kukatia ni za kitinda mimba, maana ndiye aliyerithi mkono wangu wa kushona, na nyumba hii ni yenu wote watatu, asitokee wa kuuza hata tofali. Hayo ni mepesi. Zito ni hili la picha.

Mnajua kwamba mimi na baba yenu mkubwa tulikaa miaka thelathini na moja bila kusalimiana, ila sababu hatukuwaambia, mkadhani ni shamba. Halikuwa shamba. Mama yetu alifariki mimi nikiwa bado nanyonya, akaacha picha moja tu, na kaka, ambaye ndiye aliyemkumbuka, akanikabidhi niitunze. Nami kwa majivuno yangu nikaitundika kwenye dirisha la duka langu, wateja wamwone mama wa fundi alivyokuwa mzuri. Jua likamla polepole, mimi nimeinamia cherehani, hata siku kaka alipokuja kupimwa suruali akakuta karatasi nyeupe ndani ya fremu. Akaniuliza, "Mama yuko wapi?" Akatoka, na tangu siku hiyo hakuniletea hata kifungo nimshonee.

Ile karatasi sikuitupa, niliificha chini ya vitambaa. Mwaka jana wewe wa kati ulipoleta skana kutoka maktaba unakofanya kazi, ukawa unaskani picha zetu moja moja, ukaikuta, ukasema, "Baba, na hii?" Nikakwambia iache, haina kitu. Ukanijibu, "Labda macho yetu ndiyo hayaoni," ukaiweka, mwanga ukapita chini yake. Kwenye kompyuta ikaja nyeupe vilevile. Ukaongeza weusi kidogo, ukaongeza tena, na wanangu, nimeona mengi katika maisha yangu lakini jambo kama lile sijaliona: zilikuja nywele kwanza, halafu sikio, halafu jicho moja likanitazama, na mama akatoka mzimamzima ndani ya ule weupe, anatabasamu. Nilisimama bila kujijua. Nikavua kofia.

Kesho yake tukaichapa, tukampelekea kaka. Alinifungulia mlango kwa sababu yako wewe, si yangu. Akaishika picha kwa mikono miwili, akasema, "Mbona mtoto?" Nikatazama tena. Kweli, mama alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, mdogo kuliko wajukuu wetu, na sisi wazee wawili wenye mikongojo tumemsimamia kama babu zake. "Masikini, kumbe alikuwa mtoto tu," kaka akasema, akanivutia kiti. Radhi hatukuombana. Tulikuwa tunashangaa, hatukupata nafasi.

Kwa hiyo nawausia: picha zote zikae mahali patatu, kila mmoja wenu na nakala yake, na watoto wa baba yenu mkubwa wapewe zote kabla hawajaziomba. Andikeni leo majina ya waliomo, niulizeni wale msiowajua, nikiondoka nitaondoka nao. Mama msimtie rangi, wala msimlainishe uso. Yale madoa ya jua ni kosa langu, yaacheni yaonekane.

Ngojeni... maji kidogo. Ahsante, mwanangu.

Mungu awape umri mrefu, awape na macho ya kuonana mkiwa hai. Msigombane mkanyamaziana, gombaneni mseme, yaishe. Nimewaridhia wote... wote watatu, sina kinyongo. Sasa mpigieni kaka simu... mwambieni aje. Aje leo, asiseme kesho... leo.