Kasimu wa Kurani Katika Darasa la Misheni

Mwaka wa 1953, ndani ya kamyo ya kutoka Kasongo, nilikaa juu ya mifuko ya pamba, nyuma ya wamoniteri wawili, walimu wa shule za misheni. Raphaël, kijana, alieleza kwamba kila siku ya nne ya juma walimu watatu wa mtaa wao wanaingia katika darasa la mmoja wao, wanakaa nyuma na kutafuta makosa.

"Walimu gani?" aliuliza Gérard, mwenye mvi.

"Mimi, Pierre na Kasimu."

"Kasimu yule wa Kurani?" Gérard alishika kofia yake. Upepo haukuwepo.

"Ndiye. Watoto wangu walishindwa hesabu ya mara mwaka muzima. Kasimu akawaimbisha kama anavyoimbisha sura. Juma mbili, wakaijua yote."

"Chini ya musalaba?"

"Musalaba haukuanguka, baba. Padri alisikia, akafurahi, akauliza nani amenifundisha vile."

"Ukamujibu nini?"

"Niliogopa. Nikasema ni wewe. Akaandikia Padri wa kwenu barua."

Kamyo iliposimama Kabambare, Padri wa kwao Gérard alikuwa anamngoja barabarani, na watoto wa darasa zima wamepangwa nyuma yake, tayari kuimbishwa hesabu ya mara.