Swali la Binti wa Masunga

Basi lilipoondoka Chimala, Leokadia aliacha kujifanya amelala. Kwenye kiti cha mbele yake, Masunga, Msukuma mfugaji wa Usangu, alikuwa anamweleza Mwalimu Jayshree kwamba anakwenda chuoni kumtoa bintiye kwenye darasa la mwalimu huyo. "Falsafa ya siasa! Si wazee wanatufundisha?"

"Na ya wazee nafundisha, baba. Tulisoma Wasukuma mnavyomtenga mkosaji, hata moto asipewe. Binti yako akauliza, kijiji kikikosea, nani atakitenga? Wahehe, Wahindi, sote tukataka kujibu."

"Kauliza mbele ya watu?"

"Mpaka leo tunabishana."

Leokadia alimpenda mwalimu huyo papo hapo. Walimu wake yeye, chuo alichosoma, walisoma makabrasha tu, wakaondoka.

Basi likasimama Ipogolo, kituo cha kushukia chuoni. Masunga akachukua fimbo yake. "Mwalimu, mzazi anaruhusiwa kukaa darasani?"