Sifuna Wangila, Aliyezifuta Chupa za Lindi

Waombolezaji wenzangu, wazee wa kanisa, majirani wa Lindi na nyinyi mliotoka Kawangware asubuhi hii, mimi ni Walubengo, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake, nami nitayasoma yote, hata yale ambayo kamati ya makanisa ingependa niyaruke.

Ndugu yetu Sifuna Wangila alizaliwa tarehe 12 Machi 1955 karibu na Kimilili, wilaya ya Bungoma, akasoma huko hadi darasa la saba, na kwa kukosa karo akaja Nairobi mwaka 1973, akapokelewa Kawangware na Mzee Muema, mchoraji wa mabango, aliyemfundisha kazi mpaka mkono wake ukajulikana kuliko sura yake. Alimwoa Nekoye tarehe 8 Desemba 1979, wakahamia mtaa huu wa Lindi, hapa hapa Nairobi, na Mungu akawajalia Ken mwaka 1980, Mercyline 1985 na Celine 1993.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kuchora chupa za bia kwenye kuta za baa, na alizichora vizuri, povu likionekana la kweli, hata Mercyline alisoma jina la bia kabla hajajua kuandika lake, jambo ambalo mama yake hakulifurahia hata kidogo. Ndipo mwaka 1994 kamati ya makanisa na wazee wa mtaa ikaamua matangazo ya pombe yafutwe kwenye kuta zote za Lindi, na kwa kuwa hakuna aliyezijua kuta hizo kama yeye, kazi akapewa yeye, akapaka chokaa wiki nzima, tukaomba, tukapiga makofi, na kamati ikatangaza kwamba ulevi sasa umepata dawa.

Ulevi gani, jamani? Chang'aa, pombe kali ya kupikwa vichochoroni, haijawahi kuchorwa ukutani, haina picha wala wimbo redioni, na ndiyo Sifuna aliyoiendea alipokosa kazi ya baa na bia ikamshinda bei. Tena ukuta mkubwa kuliko zote alizosafisha uko mbele ya nyumba inayouza chang'aa, nao wanywaji wakapata pa kuelekezana, ukiuliza mtu yuko wapi unaambiwa yuko Kwa Chokaa, na Nekoye akawa anamtuma Ken huko jioni amrudishe baba, mpaka Ken akajulikana mle ndani kwa jina. Sibishi kwamba Celine hazijui zile chupa, na hilo ni jema, lakini mtu mzima aliyekwisha kuzoea hangojei picha imkumbushe kiu, na kila tulipoiambia kamati hivyo tulijibiwa tutazame kuta zilivyo safi. Tumezitazama mpaka tumechoka.

Marehemu alianza kuugua ini Agosti 1996, akavimba tumbo na miguu, akalazwa mara kadhaa, akaacha kunywa akiwa amechelewa, na akafariki Jumanne tarehe 8 Aprili 1997, akiwa na miaka arobaini na miwili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi, wachoraji wenzake wa Kawangware, na marafiki wa mitaa ya Ayany na Nyayo Highrise mliochangia safari ya kesho ya Kimilili. Kamati imetuambia itapaka chokaa kuta za Kawangware kwa jina la Sifuna, nasi tumeikatalia jina hilo.

Na wewe jirani wa nyuma ya ukuta ule, uliyetupatia viti hivi na sufuria za chai, Nekoye ameniomba nisikutaje, nami sikutaji, viti tumevipokea kwa shukrani, ila anakuomba jambo moja mbele ya watu. Juzi, baba yake akiwa mochari, Ken alikuja kwako, na safari hii hakuwa ametumwa na mtu, akakaa, ukampimia. Ana miaka kumi na sita. Akija tena, mfukuze.

Sifuna, ndugu yangu, Mungu akupe pumziko ambalo hapa hukulipata.